Mpeni Bibi Mbuzi Akune Nazi

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, mama akishapita miaka 70 huanza kuondolewa kazi mkononi, moja baada ya nyingine, na huondolewa kwa mapenzi. Hutangulia mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa itamuumiza mgongo. Hufuata safari ya sokoni, kwa kuwa njia zimejaa bodaboda. Mwisho ni jiko lenyewe. Mkaza mwana aliyelelewa kwa adabu hana raha kumwona mavyaa amesimama mbele ya moto, humwambia, "Keti mama, upumzike." Naye huketi. Haipiti miezi mingi ila twaulizana mbona siku hizi hainuki kitini mpaka ashikwe mkono.

Wataalamu wa afya ya wazee wana namna ya kuipima hali hiyo. Mwaka 1963 daktari wa Marekani, Sidney Katz, na wenzake waliorodhesha mambo sita ambayo mtu hujifanyia mwenyewe: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuinuka kitandani au kitini, kujizuia haja, na kula. Mwaka 1969 Powell Lawton na Elaine Brody waliongeza mambo mengine yenye kutaka fikra na mizunguko zaidi, kama kupika, kununua vitu, kutumia simu, kufuata dawa na kushika fedha. Mara nyingi haya ya pili ndiyo hutangulia kupotea. Sisi twacho kipimo cha kila siku kisichohitaji karatasi, nacho ni udhu. Mzee anayeinama akaosha miguu yake bila ya kuegemea ukuta, viungo vyake bado vyamtii.

Nguvu hizo hazilindwi na chakula na dawa peke yake. Mjini New Haven, Marekani, wazee zaidi ya 2,800 wa miaka 65 na kuendelea walifuatiliwa mwaka baada ya mwaka tangu 1982. Matokeo yaliyochapishwa 1999 yalionyesha kwamba wenye mahusiano mengi, hasa na marafiki na jamaa, hawakuwa wepesi kupoteza uwezo wa kujihudumia, na hata walioupoteza walikuwa na matumaini makubwa zaidi ya kuurudisha. Ni kweli kwamba jambo hili huenda pande mbili, kwani aliyedhoofika naye hupunguza kutembea kwa watu.

Hebu tutazame bibi aliyealikwa hitima mtaa wa pili. Ataoga mapema, atachagua leso, atavaa buibui, atashuka ngazi, atakumbuka jina la marehemu na la wafiwa, ataketi mkekani na kuinuka tena. Hakuna aliyemwambia afanye mazoezi, na mwili wake umeshayafanya. Asipoalikwa, au ikisemwa kwamba mjukuu ataenda kwa niaba yake, ngazi zile hazina tena sababu ya kushukwa.

Msaada nao una kiasi chake. Teresa Seeman na wenzake, katika utafiti wa Marekani wa 1996, waliona kwamba wanaume wazee waliopata msaada mwingi zaidi wa kazi za mikono ndio walioelekea zaidi kupoteza uwezo wao. Huenda baadhi yao walisaidiwa kwa kuwa walikwisha kuanza kulegea. Hata hivyo twaona kuna fundisho kwa nyumba zetu, ambamo mkaza mwana huogopa maneno ya majirani kuliko anavyoogopa magoti ya mavyaa kukakamaa: watasema amtumikisha mama wa watu! Tungependa majirani wauzoee msemo mwingine, kwamba mama yule bado akuna nazi yake.

Lililo zito zaidi ni kuhamisha. Mtoto aliyefanikiwa humtoa mama yake Mji wa Kale akampeleka ghorofa ya tatu Nairobi, kwa nia njema kabisa. Huko hana baraza, hana darasa la alasiri, hana shoga wa kumgongea mlango. Ana watoto wake, nao hurudi kazini usiku. Kabla ya kufunga mizigo yafaa aulizwe mwenyewe, na jibu lake lisikizwe.

Anayebaki nyumbani apewe sehemu yake ya kazi: kuchambua mchele, kukunja nguo, kumsomesha kitukuu alifu na be. Mbuzi ikiwa imekuwa chini mno, achambue mboga kwenye kiti. Bafuni pawekwe kibao cha kukalia na chuma cha kushikia. Sokoni afuatane na kijana, naye ndiye achague samaki.

Lakini akipoteza uwezo ghafla, kwa siku chache, kwa mfano mkono kulegea, maneno kumpotea au kushindwa kuinuka ilhali juzi aliinuka, hapo si upweke wala uzee. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.