Umeme Unaokatika na Kurudi Wenyewe

Pikipiki inayotoka Itoni, nje kidogo ya mji wa Njombe, kwenda Ludewa hadi vilima vya Liganga, haipati njia ya aina moja. Kuna ukungu wa asubuhi, kuna zege kati ya Lusitu na Mawengi, kisha vumbi jekundu na mashimo. Katikati ya safari taa inafifia, honi inakauka, dashibodi inazima. Dereva anasimama, anazungusha funguo, na kila kitu kinarudi. Kesho yake akiipeleka kwa fundi mjini Makambako, pikipiki nzima kabisa! Basi anashauriwa anunue betri.

Ushauri huo unawagharimu madereva wengi bure. Betri iliyochoka hujitambulisha kila siku: asubuhi ya baridi stata inavuta kwa shida, jioni taa ni hafifu. Zipo betri zilizokatika ndani ambazo nazo huzima na kurudi, lakini ni chache. Umeme ukikatika ghafla na kurudi wenyewe, shuku kwanza mahali waya unapoungana na kitu kingine.

Waya wa pikipiki una nyuzi nyingi nyembamba za shaba ndani ya ganda moja. Zikikatika karibu zote ukabaki uzi mmoja, mita ya umeme bado itasoma volti 12 upande wa pili, kwa sababu mita yenyewe haivuti umeme wa maana. Washa taa ya wati 35, inayohitaji karibu ampea 3, na uzi ule hauwezi tena. Kiungo chenye ukinzani wa omu moja tu kinakula volti mbili na ushee, na umeme huo unageuka joto hapo hapo. Kiungo kikipata joto kinatanuka, kinaachia, kikipoa kinashika. Ndiyo maana pikipiki "inapona" ikipumzika. Na ndiyo maana kupima taa zikiwa zimezimwa ni kupoteza muda.

Kwa hiyo irudishe pikipiki katika hali iliyoiangusha. Washa injini na taa zote, kisha zungusha usukani taratibu, kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Nyaya zinazopita kwenye shingo ya usukani hukunjwa mara nyingi mno kwa siku, na mara nyingi hukatikia ndani huku ganda likiwa zima machoni. Taa ikipepesa kwenye kona fulani, umekwishapata eneo. Isipopepesa, tikisa nyaya chini ya kiti, moja moja, bila kuvuta kwa nguvu. Cheza kidogo na funguo ndani ya swichi. Gusa fyuzi pia: inaweza kuwa nzima, lakini vishikio vyake vimelegea au vimeota ukungu wa kijani wa shaba, jambo la kawaida penye unyevu kama wa Njombe.

Halafu kuna waya wa hasi, ule unaofungwa kwa boliti kwenye chesisi au injini. Husahaulika kwa sababu hauna fyuzi wala swichi, ilhali umeme wote unarudia humo. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha washa taa na ubonyeze stata. Usomaji ukizidi nusu volti, fungua boliti, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, ufunge upya.

Dalili moja zaidi inaokoa saa nyingi. Taa na honi zikifa lakini injini ikaendelea kunguruma, huenda pikipiki yako ni ya zile ambazo mfumo wa cheche una koili yake kwenye magneto. Tafuta kasoro upande wa betri. Vikizima vyote pamoja, anza na funguo na fyuzi kuu. Injini ikinguruma vizuri, betri inapaswa kusoma karibu volti 14. Ikibaki 12, betri haichajiwi: angalia soketi ya rekitifaya kabla ya rekitifaya yenyewe. Plastiki ya soketi hubabuka na kuwa kahawia.

Ukipata waya uliokatika, usiusokote na kuuzungushia selotepu. Unganisha kwa risasi ya moto, funika kwa mpira unaobana, na pale shingoni acha waya uwe na ulegevu wa kutosha usukani ugeuke bila kuuvuta. Kisha fanya tena zoezi la usukani, taa zikiwaka, kabla ya kushika njia ya Ludewa.