Fuvu Lenye Pembe za Matawi: Swala, Kulungu au Ayala?

Katika masomo ya tafsiri, wanafunzi wetu hukutana mara kwa mara na matini za Ulaya au Marekani zinazomtaja mnyama ambaye Waingereza humwita 'deer'. Mmoja huandika swala, mwingine paa, wa tatu kulungu. Kamusi nazo hutoa zaidi ya jibu moja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba jambo hili huamuliwa vizuri zaidi kwa kulichunguza fuvu la mnyama mwenyewe.

Jamii mbili tofauti

Swala, paa, kulungu, tohe, kuro, kongoni na pofu wamo katika jamii moja na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mnyama anayesemwa hapa ni wa jamii nyingine kabisa. Katika Afrika nzima, jamii hiyo ina mwenyeji wa asili mmoja tu aliyebaki, naye asili yake ni misitu ya mpakani mwa Algeria na Tunisia. Kwa hiyo si ajabu kwamba wazee wetu hawakumpa jina: hawakumwona.

Dalili za fuvu

Tuanze na pembe. Pembe ya swala ina sehemu mbili: kiini cha mfupa na ala ngumu inayokifunika, yenye asili moja na kucha. Haina matawi, nayo haianguki. Mnyama hukaa nayo hadi kufa. Pembe ya yule mwingine ni mfupa mtupu usio na ala. Huota juu ya kikonyo kifupi cha mfupa kwenye paji, ikiwa imefunikwa kwa ngozi laini kama mahameli. Ikikomaa, ngozi hiyo hukauka na kubanduka. Kisha kila mwaka pembe hukatika penye kikonyo, nyingine ikaota. Karibu spishi zote madume tu ndio wenye pembe. Kwa mnyama wa nchi za baridi anayevuta sileji, majike pia huwa nazo.

Ikiwa pembe hazipo, tutazame mbele ya tundu la jicho. Fuvu la jamii hii huwa na uwazi mkubwa kati ya mifupa ya uso, na mara nyingi kishimo karibu na jicho. Meno ya mbele ya juu hayasaidii, kwani jamii zote mbili hazina. Lakini tukiona chonge katika taya la juu, basi huyo si swala.

Mfano wa Uingereza

Uingereza ina spishi sita zinazoishi porini, na fuvu la dume hutosha kuzitenganisha:

1. Cervus elaphus: fuvu kubwa, pembe ndefu za mviringo zenye matawi mengi, la kwanza likiwa karibu na shina. Ana chonge ndogo za juu.
2. Cervus nippon: hufanana na wa kwanza lakini ni mdogo, na kwa kawaida kila pembe haizidi ncha nne.
3. Dama dama: sehemu ya juu ya pembe imetanuka kama kiganja.
4. Capreolus capreolus: fuvu dogo, pembe fupi zilizosimama, zenye vinundu, kwa kawaida ncha tatu kila moja.
5. Muntiacus reevesi: pembe fupi sana juu ya vikonyo virefu, pamoja na chonge zilizochomoza.
6. Hydropotes inermis: hana pembe kabisa, ila ana chonge ndefu kama pembe ndogo za tembo.

Kwa nini mwalimu ajali?

Tukiandika kwamba 'kulungu aliangusha pembe zake', msomaji wa huku ataelewa kwamba mnyama ameumia, kumbe ni jambo la kila mwaka. Mahakamani uzito huzidi. Nchini Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 huangalia thamani ya nyara katika kupanga adhabu, na thamani hutegemea aina ya mnyama. Mkalimani anayesema paa palipotajwa pofu amebadilisha kesi ya mtu. Wahitimu wetu wengine watafanya kazi hiyo.

Istilahi tunazopendekeza

Kwa mnyama mwenyewe, tunapendekeza ayala. Neno hili limo tayari katika Biblia ya Kiswahili, nalo linafanana na 'ayyal' la Kiebrania. Halimtaji mnyama yeyote wa mbuga zetu, kwa hiyo halileti utata. Pembe zake tuziite pembe za matawi, na shina lake kikonyo, kama kikonyo cha tunda. Kifuniko cha pembe ya swala tukiite ala, kama ala ya kisu.

Zoezi kwa darasa

Wanafunzi watazame ngao ya taifa la Uganda ya mwaka 1962. Upande mmoja yupo mnyama mwenye pembe. Je, ni swala au ayala? Wajibu kwa sentensi tatu, wakitumia maneno ala, tawi na kikonyo. Na kama mwanafunzi ameona fuvu karibu na hifadhi, alichore na kuliacha hapo hapo, kwa maana kumiliki nyara bila kibali ni kosa.