Klachi ya Nguvu: Kuichagua na Kuifunga

Katika mazungumzo haya tumependa kueleza habari za klachi ya motakaa, na hasa ile iitwayo klachi ya nguvu. Klachi hiyo haiji na gari kutoka kiwandani, bali mwenye gari huinunua baadaye, akitumaini kwamba itastahimili kazi nzito kuliko ile ya kwanza. Wengi huitamani, na wengi huinunua kwa kuangalia sifa zilizoandikwa juu ya boksi. Lakini klachi iliyochaguliwa vibaya yaweza kuvunja giaboksi, nayo giaboksi bei yake ni kubwa kuliko ya klachi. Basi yafaa tulielewe jambo hili kabla ya kutoa fedha.

Kwanza tujue klachi ni kitu gani. Kazi yake ni kuunganisha mtambo na giaboksi, na kuvitenga dereva anapotaka. Ina sehemu tatu kubwa. Ya kwanza ni flaiwili, yaani gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya mtambo. Ya pili ni sahani ya klachi, ambayo mafundi huiita klachi pleti. Sahani hii imevikwa ngozi ngumu ya kusugua pande zote mbili. Ya tatu ni presha pleti, yenye springi kali inayoibana sahani juu ya flaiwili. Dereva akikanyaga pedeli, beringi ya klachi huiondolea springi mbano wake, na sahani huwa huru. Akiachia, sahani hubanwa tena, na gari huenda.

Msomaji aweza kujionea mwenyewe kwa viganja vyake. Avibane pamoja sana, kimoja hakitelezi juu ya kingine, avilegeze, vitateleza. Ndivyo ilivyo klachi. Uwezo wake hutokana na mambo manne: ukali wa springi, ukwaruzo wa ile ngozi, upana wa sahani, na idadi ya nyuso zinazosuguana.

Nguvu ya mtambo ya kuzungusha hupimwa kwa Nyutoni-mita. Na tutwae mfano wa gari lijulikanalo sana Afrika Mashariki, Subaru Impreza, lililoshinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 likiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 likiendeshwa na Richard Burns. Magari yale ya mashindano yalijengwa kwa namna ya peke yake. Lakini aina ya WRX ya mwaka 2002 iliyouzwa kwa watu wote huko Marekani ilikuwa na mtambo wa lita 2 wenye taboo, na nguvu yake ilikuwa Nyutoni-mita 294. Hiyo ni sawa na mzigo wa kilo 30 hivi ulioning'inizwa kwenye ncha ya mtaimbo wenye urefu wa mita moja.

Kanuni nzuri ni hii: uwezo wa klachi uzidi nguvu ya mtambo kwa robo hivi. Kwa mtambo wa 294, klachi ya 370 yatosha kabisa. Mtu akinunua klachi ya 600 kwa mtambo huo, hakupata faida, amejiletea hasara. Maana klachi ya kadiri huteleza kidogo inapopata kishindo, na kwa kuteleza huko huilinda giaboksi. Klachi isiyoteleza kabisa hupeleka kishindo chote kwenye meno ya gia, na giaboksi ya gia tano ya gari hili inajulikana kwa kukatika meno ikilemewa. Heri sahani iungue kuliko gia zivunjike.

Tena kuna aina za ngozi. Ile ya kawaida, ya nyuzi zilizogandishwa kwa utomvu, hushika kwa upole na yafaa kwa safari za kila siku. Ile ya kevla hudumu sana, lakini ikipata moto mwingi huharibika. Ile ya kauri au ya unga wa chuma hustahimili moto mkali, ila hushika kwa ghafula, gari likaruka kama mbuzi, hata kulitoa polepole katika mlima au msongamano kukawa taabu. Hiyo ni ya mashindano.

Kabla ya kununua, yapasa kuuliza pia kwa nini klachi ya kwanza imeisha. Pengine oili inavuja juu ya sahani. Pengine dereva huweka mguu juu ya pedeli wakati wote. Klachi ya nguvu haiponyi mguu mbaya wala sili inayovuja.

Sasa tuje kwenye kuifunga. Ondoa kwanza waya wa betri. Gari lisimame juu ya stendi imara za chuma. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, kwani wengi wamekufa hivyo. Vumbi la klachi kuukuu lisipulizwe kwa upepo, bali lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Sahani za zamani zilitiwa asbesto, iletayo saratani ya mapafu; Uingereza iliikataza mwaka 1999, lakini gari la zamani laweza kuwa nayo bado.

Giaboksi ikishatolewa, itazame flaiwili. Ikiwa ina nyufa, ibadilishwe. Ikiwa ina mabaka ya buluu au mikwaruzo, ipelekwe kwa fundi wa mashine aisawazishe. Beringi ya klachi nayo iwe mpya, na sili inayovuja ibadilishwe siku hiyo hiyo. Sahani ishikwe kwa mikono safi, upande wake uwe ule ulioandikwa, nayo iwekwe katikati kwa kijiti maalumu. Bolti za presha pleti zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, na mwisho kwa spana ya kipimo, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Giaboksi inaporudishwa isiachwe ining'inie juu ya sahani, wala isivutwe kwa bolti kwa nguvu. Ikikataa kuingia, sahani haikukaa katikati.

Kazi haijaisha hapo. Kwa kilometa 800 za kwanza, dereva aendeshe kwa upole, akibadili gia mara nyingi na bila kukanyaga mafuta mpaka mwisho, ili ngozi na chuma vizoeane. Asiye na subira katika kilometa hizo huiunguza klachi mpya kabla haijaanza kazi.

Basi, jumla ya maneno yetu ni hii: ijue kwanza nguvu ya mtambo wako, kisha nunua klachi ya kuitosha na akiba kidogo. Na kama mtambo haukuongezwa nguvu, klachi ya kawaida iliyofungwa vema itakutumikia miaka mingi, na fedha iliyobaki itatengeneza breki.