Ngoma ya Jembe na Siha ya Mwili

Mkazi wa Igogo jijini Mwanza, ambaye nyumba yake imeegemea mwamba mlimani na kila siku hushuka kwenda mjini akapanda tena jioni, aghalabu hudhani kuwa kupunguza unene ni jambo la kulipia ada katika ukumbi wa vyuma. Ilhali Usukuma una mazoezi yake tangu karne ya 19, vilipoanza vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo hata leo hushindana mwezi Juni katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora, Kisesa, na ushindi ni wa yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi.

Miongoni mwa ngoma za Wasukuma iko bugobogobo, iliyozaliwa shambani ili wakulima walime pamoja kwa mdundo mmoja. Mchezaji huinama, akakunja magoti, akalizungusha jembe, akalirusha juu na kulidaka, na muda wote huo miguu haiachi kuifuata ngoma; hivyo moyo na mapafu hutaabika kama vya mkimbiaji, na mapaja, mgongo na mabega navyo hupata kazi ya kuijenga misuli. Kwa rai yangu, ngoma nyingi za ukumbini hazina fadhila hiyo ya pili.

Walakini hesabu haina huruma. Mtu wa kilo 70 akicheza kwa nguvu nusu saa hutumia kalori 200 hivi, na kilo moja ya shahamu ina kalori zipatazo 7,700. Basi atokaye ngomani akaagiza chapati mbili na soda (na jasho humpa mtu ujasiri wa kuagiza) amekwisha kuirudisha jumla yote na ziada.

Wala mizani isiaminiwe peke yake, kwani haibagui msuli na shahamu: mtu aweza kucheza miezi mitatu, uzito ukabaki palepale, na huku suruali inamlegea. Utepe wa fundi cherehani, ukizungushwa kiunoni, husema kweli zaidi. Shirika la Afya Duniani hutaka dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za kuipa misuli nguvu. Na mwenye presha au maumivu ya magoti amwone tabibu kwanza.

Enyi viongozi wa vikundi vya ngoma vya Mwanza, wakaribisheni majirani mazoezini, nao waje na majembe yao.