Mtoto Hazaliwi Akimdharau Mgeni

"Balaalo ndivyo walivyo." Kauli ya namna hii mtu huitamka Mbarara, magharibi mwa Uganda, bila kuinua sauti, huku akimenya matoke, mtoto akiwa pembeni yake anasikiliza. Balaalo ni wafugaji wanaohamahama na ng'ombe wao, na sehemu nyingi za Uganda jina hilo sasa hutamkwa kwa dharau. Mei 2023 Rais Museveni aliamuru waondolewe eneo la Acholi.

Kauli hiyo haina tusi ndani yake. Hapo ndipo hatari yake ilipo.

Mwaka 2012 Marjorie Rhodes, Sarah-Jane Leslie na Christina Tworek, watafiti wa Marekani, walibuni watu wasiokuwepo duniani, wakawaita Zarpie, wakawatungia kitabu cha picha. Kila ukurasa ulikuwa na mtu mmoja, wa rangi, umri au jinsia tofauti, akifanya jambo dogo fulani, kwa mfano kumwogopa mdudu mdogo. Baadhi ya watoto wa miaka minne walisomewa kwamba "Zarpie huogopa wadudu hawa". Wengine, kwa picha ileile, kwamba "huyu Zarpie anamwogopa mdudu huyu". Waliosikia kauli ya jumla ndio walioelekea zaidi kuamini kwamba Zarpie huzaliwa na tabia zao. Kisha ikaja zamu ya wazazi. Walioaminishwa kwamba Zarpie ni watu wa asili tofauti walijikuta, bila kuagizwa na mtu, wakizungumza na watoto wao kwa kauli za jumla, na kuwasema Zarpie vibaya zaidi.

Ankole, eneo ulipo Mbarara, inajua imani hiyo inaweza kufika wapi. Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara ya wakati ule, viongozi wa eneo na vijana wa chama tawala cha UPC waliwafukuza Wanyarwanda, na Wahima, wafugaji wa Ankole, pamoja nao. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaporwa. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Rwanda au makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Oruchinga. Miongoni mwao walikuwamo raia wa Uganda. Mtu akishahesabiwa kuwa mgeni kwa asili, hati ya uraia haimwokoi.

Leo Nakivale, iliyoko wilaya ya Isingiro na iliyofunguliwa kwa Watutsi waliokimbia Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, ina Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, na watoto wao husoma pamoja na watoto wa wenyeji. Sera hiyo ni njema, ila dawati moja peke yake halitoshi. Mwanasaikolojia Rebecca Bigler na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 1997, waliwavisha wanafunzi fulana za bluu na za njano. Pale walimu walipozipuuza rangi, hazikuwa na uzito kwa watoto. Pale walimu walipozitumia kupanga viti na mistari, bila hata kusifu upande wowote, watoto walianza kuwaona wa rangi yao kuwa bora. Orodha ya mgao wa misaada lazima itenganishe mkimbizi na mwenyeji. Mwalimu anayeita "wakimbizi mstari huu" halazimiki.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alisisitiza kwamba kukutana hupunguza chuki hasa watu wanapokuwa na hadhi sawa. Uchambuzi wa Thomas Pettigrew na Linda Tropp wa 2006, wa tafiti zaidi ya 500, ulionyesha kwamba kukutana kwenyewe kunasaidia, na kunasaidia zaidi masharti kama hayo yakiwepo. Mtoto wa Kongo asiyejua Kinyankole wala Kiingereza atapata wapi hadhi hiyo? Mimi jibu naliona Julai 2022, baraza la mawaziri la Uganda lilipopitisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa miaka mingi Waganda wengi walikiogopa kama lugha ya askari. Lakini katika kipindi cha Kiswahili mtoto aliyetoka Kivu, mashariki mwa Kongo, ndiye anayejua, na mwenziwe wa Isingiro ndiye anayemgeukia kumuuliza.