Kwa nini mkulima anauza mahindi bei ikiwa chini, halafu anayanunua bei ikiwa juu?

Tuanze na hesabu ndogo. Tuseme familia imevuna magunia kumi ya mahindi. Wakati wa mavuno kila mtu anauza, kwa hiyo gunia ni shilingi 50,000. Familia inauza matano na kupata 250,000. Miezi sita baadaye akiba imekwisha, gunia limefika 80,000, na familia ileile iko sokoni ikinunua magunia mawili ya kula. Hapo 160,000 imekwenda. Yaani zaidi ya nusu ya pesa ya magunia matano imerudi kununua mawili!

Bei hizi ni za mfano tu, lakini mzunguko wenyewe ni wa kweli, na unajirudia kila mwaka. Unaweza kusema, "Si wangesubiri tu bei ipande?" Sawa, lakini kusubiri kunahitaji vitu viwili: mahindi yasiliwe na wadudu, na familia iwe na pesa ya kuvukia kipindi hicho.

Kwanza, mdudu

Dumuzi, ambaye baadhi ya wakulima wanamwita Scania, asili yake ni Amerika ya Kati. Hapa kwetu alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akasambaa nchi nyingi za Afrika. Anatoboa punje na kuacha unga mtupu. Ukijua mahindi yako yanaweza kugeuka vumbi, kuuza mapema si ujinga, ni tahadhari.

Dawa mojawapo ni mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya kiroba cha kawaida. Ukiifunga vizuri, wadudu waliomo wanaendelea kupumua mpaka oksijeni inapungua sana. Hapo ndipo pana jambo la kushangaza. Nafaka kavu haina maji ya kuwatosha, kwa hiyo wadudu hawa hujipatia sehemu kubwa ya maji kwa kuunguza chakula mwilini, na kazi hiyo inahitaji oksijeni. Oksijeni ikipungua wanaacha kula, kisha wengi wanakufa kwa kiu! Hakuna sumu iliyotiwa kwenye chakula.

Lakini mfuko haukaushi mahindi. Ukifungia mabichi, unakaribisha ukungu, na ukungu wa aina fulani hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa hiyo si jambo la mzaha. Anika juu ya turubai, kisha pima hivi: weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Kwa kuhifadhi, lenga 13.5 au chini ya hapo.

Pili, pesa

Sasa tuseme mdudu ameshindwa. Bado kuna deni la mbolea, mahitaji ya shule, mgonjwa wa kupeleka hospitali. Kwa familia nyingi vijijini gunia ndiyo benki, na mfuko hata uwe mzuri vipi haulipi deni.

Watafiti Burke, Bergquist na Miguel walilipima jambo hili magharibi mwa Kenya, eneo la Webuye, wakishirikiana na shirika la One Acre Fund. Wakulima walipewa mkopo baada ya mavuno, na dhamana ilikuwa magunia yao wenyewe, yaliyobaki nyumbani yakiwa na alama. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba waliokopeshwa waliuza kidogo bei ilipokuwa chini na kuuza zaidi ilipopanda. Faida ilikuwa asilimia 29 ya fedha iliyowekezwa. Mbegu ni zilezile, shamba ni lilelile. Kilichobadilika ni wakati wa kupata pesa.

Kuna la ziada. Pale ambapo wengi walipewa mkopo, bei za soko zilitulia: hazikushuka sana wakati wa mavuno, wala hazikupanda sana baadaye. Faida ya mkopaji mmoja mmoja ilipungua, lakini hata jirani asiyekopa alikuta bei nafuu wakati wa njaa. Kwa hiyo ukipima mradi kwa kuwahesabu waliokopa peke yao, unaiacha nje faida ya jirani.

Siku nyingine ukisikia mradi wa kuinua familia za wakulima, uliza kuhusu mbegu na mbolea, ndiyo. Lakini uliza na hili: mwezi wa mavuno, mdai akibisha hodi, familia itapata wapi pesa bila kuuza chakula chake?