Maji Yakichemka, Punguza Moto

Msomaji mmoja wa Mbeya ameuliza kwa nini mtungi wake wa gesi wa kilo 6 huisha upesi anapopika maharage, ilhali huacha moto mkubwa mwanzo hadi mwisho ili yaive haraka. Je, ubovu uko kwenye mtungi au kwenye jiko?

Hauko kwenye mtungi wala jiko. Gesi inaliwa na huo moto mkubwa. Tangu Mei 2024 ulipozinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, tumesikia mengi kuhusu mkaa, gesi na umeme. Kuhusu yanayotokea ndani ya sufuria tumesikia machache mno.

Maji yakishachemka hayazidi kupata moto. Pwani huchemka kwenye nyuzi 100. Mbeya, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu kanieneo ya hewa huko ni ndogo. Ongeza moto mpaka mfuniko urukeruke, maharage yatabaki kwenye nyuzi zilezile na yataiva kwa mwendo uleule. Basi joto la ziada linakwenda wapi? Linageuza maji kuwa mvuke, na gharama ya kazi hiyo inashangaza. Kupasha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 huhitaji kilojuli 315 hivi. Kuigeuza yote kuwa mvuke, bila kupandisha hata nyuzi moja, huhitaji kilojuli zipatazo 2,257. Ni mara saba! Joto hilo huitwa joto fiche, maana kipimajoto hakilioni.

Chukulia stendi ya mabasi mwezi Desemba, molekuli za maji ndizo abiria. Moto unawachangamsha, wanasukumana, lakini wameshikana mikono. Anayetaka kutoka getini sharti alipe nauli ya kujinasua. Stendi ikishafika kwenye mchemko, kila shilingi unayoongeza inakata tiketi tu. Waliobaki ndani hawachangamki zaidi. Na nauli zote hizo zinatoka kwenye mtungi wako. Sasa funika sufuria. Abiria aliyetoka anagonga mfuniko, anakuwa tone, anarudi ndani, na nauli yake haipotei yote hewani. Presha kuka inafanya zaidi: inafunga geti lenyewe. Mvuke unabanwa, unayakandamiza maji, na sasa abiria hawawezi kutoka mpaka wachangamke zaidi, kwenye nyuzi 115 au hata 120. Mfaransa Denis Papin aliuonyesha ufundi huu London mwaka 1679, akilainisha mifupa hadi ikalika.

Nyuzi hizo chache ni nyingi kwa maharage. Punje hulainika pale pektini inayoshikiza seli zake inapoyeyuka, na joto likipanda kidogo tu, kazi hiyo huenda kasi maradufu na zaidi. Presha kuka ya umeme, juu ya hayo, ina kuta zinazozuia joto kutoka, na hujizima ikishafikia kanieneo yake.

Asiye nayo aloweke maharage usiku kucha, ayabandike kwa maji yanayoyafunika tu, afunike, na yakianza kuchemka ashushe moto mpaka abaki na vipovu vichache vinavyopanda pembeni. Lita 1 ya maji inayopotea hewani imekula nishati sawa na karibu theluthi mbili za uniti ya umeme, na hapo bado hatujahesabu joto linalopita kando ya sufuria.

Msomaji wetu asibadilishe mtungi. Na siku akipata fedha ya presha kuka, ainunue bila kusita: kwa anayeishi nyanda za juu, faida yake ni kubwa kuliko kwa aliye Dar es Salaam.